Mti mbichi, mviringo, na jiko linalolia usiku

NEEMA: Haya jamani karibuni tena, leo kipindi hatujarekodia Arusha, tuko Moshi, na sio hata mjini, nimeshuka stendi nikapakiwa kwenye bodaboda mpaka Kibosho juu huku. Mtu mzima nimetoka Chuga kuja kuangalia jiko alilojenga Aloyce kwa miti mibichi.

ALOYCE: La mama. Liheshimu dada, ni jiko la mama.

NEEMA: Naliheshimu Mangi, ndo maana nimevua viatu. Wasikilizaji mnielewe, hili jiko la nje halina ubao hata mmoja wa kununua. Nguzo ni miti mizima, mviringo vile vile, imetolewa magome tu, na juu hivyo hivyo, afu sijaona msumari. Nimezunguka na tochi ya simu kabisa.

ALOYCE: Misumari ipo kwenye bati. Kwenye fremu hamna.

NEEMA: Sa anza mwanzo, maana mi nakujua we ni mtu wa kuprinti fulana.

ALOYCE: Mwanzo ni hela tu, nisikudanganye. Nilipita maduka ya mbao pale mjini, nikauliza bei ya mbao ya inchi nne kwa nne, nikarudi nyumbani kimya kimya. Afu nikakaa hapa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, nikaangalia juu, naona migrevilea ya kivuli cha kahawa imezidi, na kule pembeni ya mfongo, mfereji wa maji, kuna mikaratusi aliipanda marehemu baba. Wazo la kwanza likawa kupasua mbao, nimwite jamaa wa cheni soo. Lakini mti wangu ni wa unene wa sahani hivi, ukitoa mbao nne kwa nne hapo inabaki moja na rundo la mabanzi. Sa kwanini nilipe mtu anigeuzie mti wangu kuwa mabanzi?

NEEMA: Hapo ndo nilitaka nikuulize, mti wa mviringo una nguvu kweli? Maana kwetu mirunda ni ya kushikilia zege, ikimaliza kazi inaenda kuwa kuni.

ALOYCE: Una nguvu kuliko mbao ya upana huo huo. Mti umejengwa na nyuzi, zinapanda kutoka chini kwenda juu, zikikutana na fundo zinalizunguka. Msumeno haujui hayo, unanyoosha tu, kwaiyo kwenye mbao nyuzi nyingi zimekatwa njiani. Mti mzima nyuzi zake zote ziko salama. Mrunda tunaudharau kwa sababu ni wa bei rahisi.

NEEMA: Sawa. Na ubichi je? Mi nimekua nikisikia mbao mbichi ni balaa, mlango unapinda, kabati halifungi.

ALOYCE: Kwenye kabati ni kweli. Na mi niliambiwa hivyo hivyo, kuna fundi mmoja aliniambia kata, lundika, subiri mwaka. Nikamsikiliza kwa mti mmoja wa mkaratusi uliokuwa umelala huko nyuma siku nyingi, nikachukua patasi nikaanza kutoboa tundu. Aisee! Nimepiga nusu saa, nimepata kashimo ka kuwekea yai. Afu nikajaribu kwa mti niliouangusha juzi yake, patasi inaingia kama unachonga muhogo. Hapo nikaelewa kwanini mafundi wa zamani dunia nzima walijengea mbichi, hawakuwa na mashine, nani angetoboa mti mkavu kwa mkono?

NEEMA: Dunia nzima wapi, tutajie.

ALOYCE: London kuna ukumbi unaitwa Westminster Hall, paa lake liliagizwa na mfalme Richard wa Pili mwaka 1393, seremala mkuu akiwa Hugh Herland. Ni mialoni, ile imechongwa pembe, sio mviringo kama hii yangu, lakini iliungwa ikiwa mbichi kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo, imevuka karibu mita 21 bila nguzo katikati, na bado ipo. Sa mtu akiniambia mti mbichi haudumu namuuliza anataka miaka mingapi.

NEEMA: Haya bwana. Ila hukuanza vizuri, nilisikia kuna miti ilikufia.

ALOYCE: Sita! Hiyo hadithi inaniuma. Nilishapata kibali cha kukata, maana huku hata kama mti ni wako huangushi kiholela, nikaangusha mikaratusi sita Ijumaa, nikaimenya magome siku ile ile, ikawa myeupe inang'aa, nikapiga picha nikaweka status. Afu nikaiacha juani nikashuka mjini kuna harusi. Narudi Jumatatu, mti wa kwanza umepasuka mwisho wake, nyota kabisa, kidole changu kinaingia. Wa pili hivyo hivyo. Mmoja ulikuwa umechanika karibu mita nzima.

NEEMA: Jua?

ALOYCE: Jua na tabia ya mkaratusi wenyewe. Mkaratusi ukiwa umesimama unakua umejibana ndani, nje unavuta na ndani unasukuma, ukiukata tu ule mbano unaachia. Sa ongeza jua. Na ncha ndo zinatoa maji haraka kuliko ubavu. Siku hizi nikikata tu, kabla hata sijafuta jasho, napaka rangi ya zamani kwenye ncha zote mbili, afu miti inalala kivulini, imenyanyuliwa na vipande vya mabanzi isiguse chini.

NEEMA: Na haikupasuka tena?

ALOYCE: Ikapasuka, ila kidogo. Dada, mti wa mviringo lazima upasuke, hapo hata usipigane. Mti ukikauka hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kutoka kwenye moyo kwenda nje unasinyaa kidogo, tuseme asilimia 4, lakini kuzunguka zile pete unasinyaa kama mara mbili ya hapo. Sa fikiria umevaa mkanda, mkanda unafupika haraka kuliko tumbo linavyopungua. Lazima ukatike sehemu.

NEEMA: Hahaha, tumbo la nani hilo.

ALOYCE: Acha. Kwaiyo ujanja ni kuuchagulia pa kupasukia. Wajapani wana mtindo wanauita sewari, unapitisha msumeno mgongoni mwa mti kwa urefu mpaka karibu na moyo, mti ukikauka ufa wote unafungukia pale, na we huo mgongo unaugeuzia ukutani. Njoo uone hii nguzo, zungusha mkono nyuma.

NEEMA: Eeh! Kumbe. Mbele safi kabisa, nyuma kidole kinapita.

ALOYCE: Ndo ufa wa kuagiza huo.

NEEMA: Sa kitu kinachonishinda ni kipimo. Mbao ina kona, unaweka skwea unachora. Huu mti umepinda, huku mnene kule mwembamba, unapima kuanzia wapi?

ALOYCE: Hapo ndo nilikaa wiki mbili bila kuelewa. Unaacha kufuata ngozi ya mti, unafuata mstari wa hewani uliopita katikati yake. Unalaza mti juu ya vigogo viwili, unaukaza usizunguke. Unaenda kwenye ncha, unaweka pima maji wima, unachora mstari unaopita katikati. Unaenda ncha ya pili, bila kuugusa mti, unachora wima hivyo hivyo. Afu unachukua uzi wenye unga wa rangi, unaukaza juu ya mti kutoka mstari huu mpaka ule, unauvuta, pa! Una mstari mnyoofu juu ya mti uliopinda. Kila tundu na kila ulimi, yaani ile ncha iliyochongwa kuingia kwenye tundu, unapimwa kutoka kwenye huo mstari. Mti upinde utakavyo, viungo vyenyewe vimenyooka.

NEEMA: Na pale mti unapokutana na mti, naona umebana hata karatasi haipiti.

ALOYCE: Bikari. Bikari hii hii ya shule. Unaweka mti wa juu juu ya wa chini, unafungua bikari, mguu mmoja unatembea kwenye mti wa chini, wenye penseli unachora kwenye wa juu. Umbo la wa chini linahamia kwa wa juu, unachonga polepole. Ya kwanza nilichonga mara nne.

NEEMA: Na hivi vijiti vinavyochungulia?

ALOYCE: Vigingi. Sikia, hapa ndo roho ya kazi yote ilipo. Fremu ni mbichi lakini kigingi kinakuwa kikavu kabisa, mi navianika juu ya dari ya jiko la zamani kwenye moshi. Kwasababu mti mbichi utasinyaa ukiwa umeshakizunguka kigingi, unakibana. Ukiweka kigingi kibichi vyote vinasinyaa, kinalegea, nilifanya hilo kosa kwenye benchi, ukikaa linacheza kama kitanda cha gesti. Na kigingi unakichana kwa panga, usipasue kwa msumeno, kikifuata nyuzi zake hakivunjiki.

NEEMA: Afu unagonga tu.

ALOYCE: Hapana, tundu la kwenye ulimi hulitoboi sawa na la kwenye nguzo. Unalisogeza kidogo, kama milimita 3, kuelekea kwenye bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipita kinalazimika kujipinda, kinauvuta ulimi ndani. Unasikia mti unanuna, mmmh, afu kiungo kinafunga chenyewe. Utamu wake siwezi kuelezea kwenye maiki.

NEEMA: Ukikosea ukasogeza upande mwingine?

ALOYCE: Unasukuma kiungo kifunguke. Usiniulize nimejuaje.

NEEMA: Sawa sijauliza. Mchwa?

ALOYCE: Mchwa ndo mwenye nyumba huku. Mgrevilea na mkaratusi mchanga anavila kama biskuti. Watu wanapaka oili chafu wanachimbia chini, mi siipendi, inanuka, mvua inaisafirisha mpaka kwenye migomba. Nguzo zangu hazigusi udongo, zimesimama juu ya mawe, karibu sentimita 40, na mawe huku mlima umetupa bure. Norwe kuna kanisa la mbao la Urnes, limesimama tangu kama mwaka 1130, na siri mojawapo ni hiyo, mbao zimekaa juu ya mawe. Yale ya kabla yake nguzo zilichimbiwa ardhini, zikaoza. Mchwa bado anaweza kupanda kwa jiwe, ila lazima ajenge njia ya udongo, mama anaiona asubuhi anapofagia, anaipangusa na ufagio.

NEEMA: Hao mafundi wa zamani wa huku je, maana misonge ya Kichagga haikuwa na misumari.

ALOYCE: Ilikuwa fito na kamba, ufundi mwingine ule, ila roho ni moja. Na hata kisu changu cha kumenyea magome, kile cha mishikio miwili, hakipo dukani, nimechongewa na mhunzi wa Mamba kule karibu na Marangu, kwa springi ya gari. Siku ya kusimamisha tulifanya kama msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, majirani nane, kamba mbili, fremu tatu zilisimama kabla ya saa sita. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ndo ilichelewa kuisha.

NEEMA: Na mama anasemaje?

ALOYCE: Wiki ya kwanza alinipigia saa nane usiku. Ananiambia Aloyce, jiko linalia. Tah! Tah! Nikamwambia mama usiogope, ni miti inakauka. Akanyamaza kidogo, akasema, basi iambie ikauke mchana.