Umeme wa Kambi ya Porini: Jenereta na Sola

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu jenereta na sola, kipi kitufae kambini, na najua wengi wenu mmekuja na majibu tayari. Wapishi wanaitaka jenereta yao, vijana wanaitaka sola. Tuyaweke majibu hayo pembeni kwa muda, tushike kalamu. Kambi ninayoizungumzia ni ile tunayoijua sote: mahema ya safari yamepigwa Seronera au Ndutu, upande wa Serengeti, wageni sita, mwongozaji, mpishi, msaidizi wake na dereva. Hakuna uzio, hakuna nguzo ya Tanesco.

Watu kumi hao wanatumia umeme kiasi gani? Simu moja ya kisasa ikijazwa toka mwanzo inakula wati-saa kama 15 (wati-saa ni wati moja ikitumika kwa saa moja), kwa hiyo simu kumi ni 150. Taa sita za LED za wati 5, yaani hema la kulia, jikoni, chooni na njiani, zikiwaka saa tano ni 150 nyingine. Betri za kamera tuzipe 90, kompyuta mpakato mbili 120, redio ya mawasiliano 40. Jumla 550. Sasa weka friji ya lita 40, ile ya volti 12 inayotembea na gari. Kwa joto letu ihesabieni 500 kwa siku. Tumefika 1,050, na hiyo ndiyo kambi nzima, mchana na usiku.

Jua je? Siku njema ya kiangazi Serengeti inatupa mwanga unaolingana na saa tano na nusu za jua kali. Paneli za wati 300, hata ukikata theluthi nzima kwa ajili ya joto, vumbi na kinachopotea kwenye nyaya, zinakuletea wati-saa 1,100. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na amp-saa 100 inabeba zaidi kidogo ya 1,200, na uzito wake ni kilo 12 au 13. Ile ya asidi ya ukubwa huohuo inakaribia kilo 30, tena ukizoea kuishusha chini ya nusu ya chaji inakufa mapema. Kwa kambi ya watu kumi, basi, sola inatosha. Asiye na friji anahitaji nusu tu ya hayo.

Sasa nitasema neno ambalo wauza paneli hawalipendi. Petroli siyo sababu ya kuchagua sola. Jenereta ndogo ya inverta, yaani ile inayopunguza mwendo wa injini kazi ikipungua, ya wati 2,000 hivi, ikifanya kazi kwa robo ya nguvu yake inatoa karibu uniti moja ya umeme, yaani wati-saa 1,000, kwa lita moja ya petroli. Hata ukiiwasha jioni nzima kwa ajili ya taa na simu tu, ambapo inachoma mafuta mengi kwa kazi kidogo, utamaliza lita mbili. Land Cruiser yako inamaliza kiasi hicho ndani ya kilomita chache za njia mbovu. Mkurugenzi akiwaambia sola ni kwa ajili ya kubana mafuta, mkubalieni, lakini mjue kwamba faida kubwa iko kwingine.

Iko masikioni. Jenereta ya inverta, ile inayosifiwa kuwa kimya, inatoa desibeli 50 hadi karibu 60 ukiwa mita saba. Zile za fremu wazi zinazouzwa kwa bei rahisi zinapita hapo kwa mbali. Mngurumo wa simba unaweza kusikika hadi kilomita nane usiku uliotulia, huo hauwezi kuwapita. Lakini simba anayekuja kambini hangurumi. Tembo naye anakujulisha kwa tawi linalovunjika, nyati kwa majani yanayong'olewa, fisi kwa sufuria inayosogezwa jikoni. Ulinzi wa kambi isiyo na uzio unategemea masikio ya mwongozaji na askari wake, na saa za hatari, kuanzia kagiza kanapoingia hadi wageni walale, ndizo hasa saa ambazo watu huwasha jenereta. Hili naliona ni jambo zito kuliko mafuta na kuliko bei. Isitoshe, kwenye kambi za umma tunapakana hema kwa hema. Jirani yako naye ana wageni waliosafiri kutoka mbali ili wausikie usiku wa porini.

La pili ni moshi, na hapa naomba simu ziwekwe chini. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anakosa hewa huku anapumua. Mvua ikinyesha, kishawishi ni kuisogeza mashine chini ya turubai la jikoni au nyuma ya hema la stoo. Msifanye hivyo hata kwa dakika tano. Mita sita kutoka kwenye hema ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoshauriwa. Mimi nawaambia ishirini, upande ambao upepo unatoka kambini kwenda kwenye mashine, bomba la moshi likitazama nje. Na upepo ukigeuka, mtu aende akaihamishe.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Tatizo ni kwamba porini dalili hizi tunazisoma kama malaria, au uchovu wa barabara, au mwinuko. Watu wawili wa hema moja wakilalamika kichwa usiku mmoja, usianze kutafuta panadoli. Zima mashine, watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha wafikishwe kwenye matibabu. Na kwa kuwa tumegusa gesi hii: jiko la mkaa linaloingizwa hemani kwa sababu ya baridi ya ukingo wa Ngorongoro linatoa gesi hiyohiyo. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni sisi wafanyakazi, kwa sababu mablanketi mazuri tumewapa wageni. Waajiri mliopo hapa, nunueni mablanketi.

Ngorongoro ina mengine pia. Ile kambi ya ukingoni iitwayo Simba iko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli inapoteza nguvu kiasi cha asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo mashine iliyoandikwa wati 2,000 inafika juu ikiwa imepungukiwa na robo. Lakini sola nayo hainyooki pale. Ukungu wa alfajiri unaweza kukaa hadi saa tatu au nne asubuhi, na paneli chini ya wingu zito inatoa sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Kinachookoa ni gari lenyewe. Funga chaja inayochukua umeme wa alteneta, ile inayozalisha umeme injini ya gari ikizunguka, na kuupeleka kwenye betri ya pili. Chaja ya amp 30 kwa saa mbili za kuendesha inakupa karibu wati-saa 700. Sisi tunaendesha kutwa nzima, na bado naona magari mengi hayana chaja hii.

Kuhusu kuzitega paneli nitasema machache. Gari mnaliegesha chini ya mgunga ili lipate kivuli, na paneli iko juu ya paa. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuishusha paneli nzima. Tumieni paneli ya kukunja yenye waya mnene wa mita kumi, gari libaki kivulini na paneli iende juani. Mwezi wa sita na wa saba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, iinamisheni upande huo. Mwezi wa kumi na mbili geuzeni kusini. Futeni vumbi kila asubuhi, na asiachiwe nyani kambi tupu.

Je, jenereta tuitupe? Hapana. Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, siku tatu za wingu zinaweza kufuatana. Kundi la watu ishirini na zaidi lenye friza kubwa haliwezi kubebwa na paneli za paa. Iwasheni mchana, saa nne hadi saa sita, wageni wakiwa kwenye mzunguko wa wanyama, na muipe kazi nzito: chaja kubwa ya betri pamoja na friza. Ikifanya kazi kwa nguvu yake kamili inatoa uniti moja na nusu kwa lita badala ya moja. Jioni izimwe, betri ndiyo iwashe taa.

Kuna mpishi ameuliza kuhusu birika la umeme. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji karibu wati-saa 100. Lita kumi za chai na maji ya kunawa zimeshaimaliza betri ya siku nzima. Maji yachemshwe kwa gesi, haijalishi una jenereta au sola. Mashine ya kukausha nywele ya wati 1,500 kwa dakika kumi ni 250, wageni waelezwe mapema kwamba haitatumika.

Dada wa pale nyuma ameuliza kuhusu mgeni anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua, ile ya CPAP. Swali zuri sana, na wageni hawa tunao. Bila kile kifaa chake cha kupasha maji ili hewa iwe na unyevu, inatumia wati 30 hadi 60, kwa saa nane ni 240 hadi 480. Jenereta haiwezi kukesha karibu na hema lake, kwa hiyo ni betri tu. Swali hilo liwekwe kwenye fomu ya kuweka nafasi, mgeni aseme aina ya mashine na kama ina waya wa volti 12. Akishasema, mtengeeni betri yake peke yake, isiunganishwe na ya friji, na mwongozaji aikague kiwango chake kabla ya chakula cha jioni, wakati bado kuna nafasi ya kuijaza kwa gari.