Shilingi yetu na ya Kenya: ile moja kwa moja ilipotelea wapi?

Haya jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni, viti bado vipo huku. Leo tunaongelea lile swali ambalo kila mtu akivuka Namanga anauliza, mbona shilingi moja ya Kenya inakula kama ishirini zetu za Tanzania wakati zote zinaitwa shilingi? Na jibu la vijiweni mnalijua, eti Wakenya wana uchumi mara ishirini ya wetu. Hapana, hiyo siyo hesabu kabisa.

Zilianza sawa. Kabla ya 1966 wote tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, ya ile Bodi ya Sarafu ya mkoloni, 20 kwa pauni ya Mwingereza. Juni 1966 Benki Kuu yetu ikaanza kutoa noti zake, Kenya na Uganda nao wakatoa zao mwaka huohuo, na zote zikaanzia kwenye 7 na senti 14 hivi kwa dola. Kwa hiyo yetu moja ni ya Kenya moja. 1975 wote wakazifunga shilingi zao kwenye SDR, kile kipimo cha thamani cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa reti ileile 9.66, yaani hata pale bado tunaenda sambamba.

Sasa hapa ndo pananoga. Watu wanadhani baada ya hapo yetu iliteremka kidogokidogo mwaka hadi mwaka, lakini ukiangalia namba za serikali za 1985 utashangaa, dola ilikuwa kama 17 kwetu na kama 16 Kenya, maana yake kwenye karatasi bado ni karibu moja kwa moja!! Na hiyo ni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, mpaka wa Kenya kufungwa hadi 1983, vita ya Amin, mafuta kupanda, sukari na sabuni kutafutwa kwa foleni. Nani aliyekuwa na dola angekuuzia kwa 17? Hakuna. Dola zenyewe benki zilikuwa za kuomba kibali na mwenye nazo alienda mlango wa nyuma akapata mara kadhaa ya hiyo, na mwenye shilingi za Kenya hivyohivyo. Kwa hiyo reti ya serikali ilikuwa bei ya kitu ambacho hakipo dukani.

Serikali haikuwa haijui. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha 1979 kwa sababu yeye na Mwalimu hawakuelewana kwenye masharti ya IMF, na kushusha shilingi lilikuwa mojawapo. Hapo katikati ikapita ile kamatakamata ya wahujumu uchumi ya 1983 enzi za Sokoine, bidhaa zikatoka mafichoni kwa muda lakini dola haikushuka bei kwa kuogopa polisi. Mwishowe Juni 1986, chini ya Mzee Mwinyi, dola ikatoka 17 hadi 40 kwa mpigo, na ikaendelea tu, 1990 wastani ulikuwa kama 195. Kenya mwaka huo ilikuwa kama 23. Gawanya hapo unapata shilingi zetu nane na nusu kwa moja ya Kenya. Yaani kutoka moja hadi nane na kitu ni miaka minne mitano tu, halafu kutoka nane hadi hii ishirini ya leo imechukua zaidi ya miaka thelathini! Mimi nasema ile ya 1986 haikuwa anguko, ilikuwa ni kukiri kwa maandishi kitu ambacho mlangoni kwa mlanguzi kilishatokea kitambo.

Na siyo kwamba Kenya wao walikaa salama. 1993 shilingi yao ilitoka thelathini na kitu kwa dola ikavuka 60 ndani ya mwaka, huku hela zikichapishwa na ile skendo ya Goldenberg, ya mauzo hewa ya dhahabu nje, inatokota, hesabu kati yetu ikarudi nyuma kutoka kama 9 hadi kama 7 kwa wastani wa mwaka. Waganda ndo kabisa, 1987 walikata sifuri mbili kwenye hela yao, mia ikawa moja, na hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Ndo maana nawaambia ukubwa wa namba peke yake haukuambii kitu, angalia imetembea vipi.

Na ukiangalia mwendo, usisahau dola, kwa sababu reti ya shilingi mbili kwa kawaida inapatikana kwa kugawanya dola ya huku kwa dola ya kule. Januari 2024 dola Kenya iligusa 160, watu wana hofu na ile Eurobond, yaani hatifungani waliyokopea nje, ya dola bilioni 2 inayoiva Juni, kwetu ilikuwa 2,500 na kidogo, kwa hiyo shilingi yao ikawa chini ya 16 zetu. Februari wakakopa upya wakaanza kuinunua ile ya zamani, na kufika mwisho wa Machi dola kwao iko 130 na kitu, shilingi yao kwetu inakaribia 20. Miezi miwili! Na sisi huku hatukufanya lolote la maana. Haya, maswali, nani anaanza?