Dirisha la Matofali: Nyumba ya Kasisi Yenye Familia Tatu

MWANAIDI: Karibuni tena. Jumamosi nilialikwa chakula na mwenzangu wa kazini, kijijini huko Uingereza, na tangu hapo sina habari nyingine.

BARAKA: Mimi nimeshapokea picha za dari mpaka simu imejaa.

MWANAIDI: Ni ile dari! Nyumba ilikuwa ya kasisi wa parokia, karne ya 18, matofali mekundu, mlango katikati, madirisha mawili kila upande. Sasa zinakaa familia tatu. Sebule wameikata kwa ukuta wa mbao. Juu kuna urembo wa plasta, majani yanazunguka chumba kizima. Yakifika kwenye ule ukuta, jani linaishia nusu. Nusu nyingine iko kwa jirani.

BARAKA: Kasisi na sebule kubwa hivyo?

MWANAIDI: Zaka, kaka, sehemu ya kumi ya mavuno ya wakulima. Kasisi aliyeitwa rekta alikula zaka kubwa, ya nafaka. Aliyeitwa vika akaachiwa ndogondogo. Mwaka 1776 ikaja Sheria ya Gilbert, kasisi akaweza kukopa ajenge, rehani ikiwa mapato ya parokia.

BARAKA: Kumbe mkulima ndiye aliyejenga. Haya, tuna mambo matatu kwa anayetaka kununua nyumba ya namna hii. La kwanza...

MWANAIDI: Subiri, sijasema dirisha. Ubavuni, ghorofani, kuna dirisha la matofali matupu.

BARAKA: Kodi ya madirisha hiyo, 1696 hadi 1851: madirisha mengi, kodi kubwa. Watu waliziba wasilipe.

MWANAIDI: Hilo halikuzibwa. Ndani, mahali pake, inapita dohani, njia ya moshi wa meko. Na nimeyaangalia matofali: yameshikana na ya ukuta, hakuna mstari wa kiungo pembeni. Lilijengwa hivyo ili ukuta ulingane.

BARAKA: Lakini lilijengwa kodi ikiwapo. Ungejuaje fundi hakuipigia hesabu?

MWANAIDI: Dohani, Baraka! Dirisha lingekaa wapi?

BARAKA: Dohani ingehamishwa. Hujanishawishi.

MWANAIDI: Wala wewe.

BARAKA: Na kinachoniuma si dirisha. Nyumba ya zaka za kijiji kizima imeuzwa, leo mwanakijiji haingii bila kualikwa.

MWANAIDI: Ungeiacha ioze? Kasisi wa leo atapasha moto vyumba vyote vile kwa mshahara gani? Kanisa liliziuza nyingi kwa sababu hizo hizo, likawajengea makasisi nyumba ndogo. Zile familia tatu zinachangia paa. Na ukuta wa mbao unaweza kuondolewa. Dari ile haitengenezeki tena ikianguka.

BARAKA: Paa sawa. Haki ya kijiji je? Wangeifanya shule, ukumbi...

MWANAIDI: Ukumbi nao unataka paa.

BARAKA: Sikubali, dada.

MWANAIDI: Nami sikubali. Saa inasemaje?

BARAKA: Dakika moja. Yale mambo matatu hatujagusa hata moja.

MWANAIDI: Tuyaache. Ila mnunuzi akaulize halmashauri kama nyumba imeorodheshwa kati ya majengo yanayolindwa, asiguse dirisha bila kibali. Kwaherini.