Kabla Kitambulisho Hakijaisha Muda: maneno kwa wanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba, marahaba. Kaeni, tafadhali. Walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, shikamooni. Wawili kati yenu mlinifundisha, na kila ninaposaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu huwa nawakumbuka.

Nimeitwa nizungumze na wanafunzi wa mwaka wa pili juu ya muda uliobaki kabla ya kuhitimu. Nimefurahi kwamba ni mwaka wa pili. Wa kwanza bado anatafuta madarasa, na wa tatu akili yake imeshatoka getini. Ninyi mko katikati, na masomo yakifungwa mnakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini.

Naomba kila mmoja atoe kitambulisho chake cha mwanafunzi. Kitoe, usione haya. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha ukishike mkononi wakati nazungumza.

Wengi mnakitumia kuingilia maktaba na chumba cha mtihani. Lakini kina kazi nyingine kubwa kuliko hizo. Ukiwa nacho unaweza kumwendea mtu mzima yeyote mwenye shughuli zake, fundi, hakimu, mganga mkuu, mtunza stoo, ukamwambia, "Shikamoo, mimi ni mwanafunzi, naomba unielekeze," naye akaweka chini alichoshika akakuelekeza. Watu wetu wanampenda mwanafunzi. Wanamwona kama mtoto wa nyumba nzima. Siku ukihitimu, unamwendea mtu yule yule na kumwambia, "Natafuta kazi," naye anakujibu bila kuinua macho: acha barua yako pale mapokezi.

Mimi nililijua hili Songea, Agosti 2006, ndani ya ghala la mahindi. Nilikuwa mwaka wa pili kama ninyi, mwanafunzi wa biashara, nimepelekwa fildi kwenye ofisi ya uhasibu. Wiki ya kwanza nilitoboa karatasi na kuzipanga kwenye mafaili. Wiki ya pili nikapewa kazi ya kulinganisha leja na hesabu halisi ya mzigo uliokuwa ghalani tangu msimu uliopita. Leja ilisema tani 400. Mizani ikasema 391. Pengo la tani 9.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Nilikuwa nimesoma sura nzima kuhusu wizi wa mali, na sasa wizi nimeuona kwa macho yangu. Nikaandika taarifa ya kurasa mbili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Asubuhi, kabla ya kuipeleka kwa mkubwa wangu, nikapita ghalani kwa mzee aliyekuwa akilitunza. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mwanafunzi, hesabu zimenishinda, naomba anielekeze.

Yule mzee hakusema neno. Alichukua bambo lake, lile la chuma la kuchomea magunia, akaenda kwenye rundo lililopangwa juu ya chaga, akachoma gunia la katikati. Mahindi yakatiririka kiganjani mwake. Akanipa punje moja: "Iume." Nikaiuma. Ililia kama kokoto. Akaniambia, "Wakati yanaingia hapa hayakuwa makavu hivi. Maji yamekwenda zake, binti yangu. Leja haijui kukauka."

Kisha akafungua daftari lililoliwa pembe na panya. Kila mwezi alikuwa amepima unyevu na kuuandika. Mahindi yaliingia yakiwa na unyevu wa asilimia 13.5, na siku ile yalikuwa na 11.5. Tukakaa chini juu ya magunia matupu tukapiga hesabu kwa kalamu. Katika tani 400 zenye unyevu wa 13.5, mahindi yenyewe bila maji ni tani 346. Hizo 346 hazikuondoka. Zikibaki na unyevu wa 11.5, uzito wote unakuwa tani 391. Hakuna aliyeiba hata kisado.

Nilichana ile taarifa yangu. Hadi leo mwili unanisisimka nikifikiria kwamba ningeipeleka, mtu mwaminifu aliyebakiza muda mfupi astaafu angeitwa kujieleza kwa tani 9 za maji yaliyopaa. Na ananielekeza kwa nini? Kwa sababu nilikuja na kitambulisho hiki. Ningekuja kama mkaguzi, angenyamaza na kunielekeza kwa bosi wake, na angekuwa na haki.

Baada ya kuhitimu niliitwa kwenye usaili. Swali la jopo lilikuwa: ukikuta pengo kati ya leja na stoo, utafanya nini? Mimi nikauliza, "Ni mzigo gani uliomo stoo?" Mmoja wao akaacha kuandika, akanitazama. Nikawaeleza habari ya unyevu. Kazi ile niliipata.

Ila sikuja hapa kuwadanganya kwamba ukijituma chuoni kazi inakungoja. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Wale hawakuwa wavivu. Nawajua watu waliosoma kwa bidii kuliko mimi ambao hadi leo wanazunguka na bahasha ya kaki. Anayewaambia kwamba mwenye bidii hakosi, anawatukana watu hao. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hicho, na nina hakika nacho: ujuzi wa aina ya yule mzee hautolewi darasani, na unatolewa bure kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo fildi. Najua inavyofanyika. Unampigia mjomba mwenye ofisi mjini, unakwenda kukaa kwenye kiyoyozi wiki nane, na jioni ya mwisho unakaa na mwenzako mnanakili kitabu cha kumbukumbu za kila siku, "leo nilisaidia kupanga nyaraka, leo nilisaidia kupanga nyaraka." Msamaria mmoja anapiga muhuri. Nawasihi, nendeni mahali ambako kazi inafanyika kwa mikono. Wa sheria, kaa mahakama ya mwanzo, usikilize kesi za mipaka ya mashamba na mirathi, umwone mtu asiye na wakili anavyojitetea. Wa maji, panda kwenye tangi. Wa ualimu hamna pa kujificha, mtasimama mbele ya watoto sitini, na nawaonea fahari. Na popote mtakapokuwa, mtafuteni mtu aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote. Mara nyingi si mkubwa wa ofisi.

Jambo jingine linaloniuma ni kazi za kikundi. Mwalimu anatoa kazi kwa watu kumi. Wawili wanakesha. Wanane wanatuma jina na namba ya usajili kwenye simu, na asubuhi wote kumi wanapata alama 16 kati ya 20. Nimewahi kuwa kati ya wale wawili na nimewahi kuwa kati ya wale wanane. Kozi niliyotuma jina tu ilikuwa ya takwimu. Nilifaulu, sikupata sapu, yaani mtihani wa marudio, cheti kinaonyesha B. Lakini kazini nilipoambiwa nichague sampuli ya hati za kukagua, sikujua pa kuanzia, na nikalazimika kwenda kulipia masomo ya jioni kujifunza kitu ambacho hapa nilifundishwa na mwenye shahada ya uzamivu. Wale wawili waliokesha hawakudhulumiwa. Tuliodhulumiwa ni sisi wanane, na kwa mikono yetu wenyewe.

Na desa, zile notsi fupi mnazorithishana? Desa lisome, mimi pia nililisoma. Lakini usiishi nalo. Tangu Novemba 2018 mna maktaba mpya hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayoweza kuketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Jana jioni nilipita, nikaona viti vimejaa, nikafurahi. Nikatembea kati ya rafu za vitabu, nikawa peke yangu. Watu wamekuja kwenye meza, umeme na intaneti. Hebu mara moja kwa wiki simama kwenye rafu ambayo si ya fani yako, utoe kitabu kimoja, usome kurasa ishirini ukiwa umesimama pale pale.

Hapa Mlimani jambo hilo lina asili yake. Chuo hiki kilianza 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani hapa 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Katika miaka ile, 1967, wanafunzi waliunda umoja wao wa kimapinduzi, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili. Hakukuwa na alama, hakukuwa na mtihani. Wa sheria alikaa na wa hisabati na wa siasa, wakasoma na kubishana. Wakaanzisha jarida lao, Cheche, na Issa Shivji aliandika humo akiwa kijana wa sheria aliyekuwa anamalizia shahada yake ya kwanza. Serikali ililipiga marufuku 1970. Mnaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa zao, na mimi mwenyewe yapo nisiyokubaliana nayo. Ninachowaonea wivu ni zile Jumapili. Ninyi hapa mmeketi kwa makundi ya kozi zenu, nawaona kabisa, wahasibu huku, wahandisi kule. Mwenye jibu la swali lako anaweza kuwa ameketi safu tatu nyuma yako, na baada ya Novemba ya kuhitimu atakuwa Kigoma na wewe uko Tanga.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana ndiyo kazi yangu. Bumu, ile fedha ya kujikimu kutoka bodi ya mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu 2022 ilipopandishwa kutoka 8,500. Likiingia la siku sitini ni laki sita kwa mkupuo, na wiki ya kwanza kila mtu ni tajiri. Ule ni mkopo. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye laki nane, ni laki moja na ishirini kila mwezi. Wapo pia mnaowatumia wadogo zenu ada kutoka kwenye bumu hilo hilo, nanyi siwafundishi kitu, nawapa heshima yangu. Wengine, tengeni nauli ya kwenda fildi ya mbali sasa hivi. Wengi hubaki mjini kwa sababu ya nauli tu.

La mwisho ni milango ya walimu. Pale mlangoni pamebandikwa karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi. Katika miaka mitatu yangu niligonga mara nne, na zote nilikwenda kulalamikia alama. Sikwenda hata mara moja kuuliza kitu ambacho sikukielewa, kwa kuogopa kuonekana mjinga. Sasa nina rafiki ambaye ni mhadhiri, akaniambia kwamba saa zile huwa anakaa peke yake anasahihisha mitihani, akisikiliza hatua za watu kwenye korido zinapita. Nilipata huzuni ya kweli. Yeye anangoja ndani, mwanafunzi anaogopa nje, kati yao ubao wa mninga.

Walimu wangu, naomba mnisaidie hapo. Kesho mkiingia darasani waambieni kwa vinywa vyenu: njooni, hata kama swali ni dogo.

Ofisini kwetu mwaka huu tuna nafasi tatu za fildi, na zote tatu ni za kwenda maghalani, Songea na Makambako, wakati wa ununuzi wa mahindi. Kuna vumbi, na jioni unarudi una makapi kwenye nywele. Anayetaka aniletee barua leo, ameandika kwa mkono, yenye swali moja tu ambalo angependa kumuuliza mtunza ghala. Wasifu sihitaji.

Sasa nimeona mikono. Binti uliyevaa kitambaa cha kijani kule nyuma, umeunyoosha tangu nilipotaja unyevu. Anza wewe.