Kwenda ni Rahisi, Kurudi Je? Mhadhara juu ya Kinyume cha Opereta za Polinomia

Shikamooni wakubwa, vijana, habari za jioni. Naomba mnifutie ubao ule wote, leo nina sifuri nyingi za kuandika.

Una opereta: unaipa x, inakupa y. Tuseme haigonganishi, yaani x mbili tofauti hazitoi y moja. Basi njia ya kurudi ipo, nayo ndiyo kinyume cha opereta. Ninachouliza ni kama njia hiyo ina mwendelezo: y ikisogea kidogo, x nayo itasogea kidogo, au itaruka?

Wengi tumezoea kutolihofia swali hili, na tulikuwa na sababu. Katika vipimo vitatu, au kumi, mwanahisabati Brouwer alishatumalizia kazi zaidi ya miaka 100 iliyopita: opereta yenye mwendelezo isiyogonganisha, kinyume chake nacho kina mwendelezo. Vipimo visipokuwa na ukomo, tuna kinga ya mwanahisabati Banach ya mwaka 1929: opereta isiyogonganisha iwe ya mstari (jumla ya x mbili itoe jumla ya y zake, na x ikizidishwa kwa namba, y nayo izidishwe kwa namba hiyo) na yenye mwendelezo, nafasi zote mbili, ya x na ya y, ziwe kamili, yaani zisiwe na matundu, kila y ifikiwe, hapo kinyume kitakuwa na mwendelezo. Katika masharti hayo hakuna la mapambo.

Sasa tuuache mstari, tuingie kwenye polinomia, yaani opereta zinazopandisha namba vipeo na kuvijumlisha. Chukueni mifuatano ya namba halisi ambayo jumla ya miraba yake ina mwisho. Urefu wa mfuatano ni kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Opereta yangu inapandisha kila namba kipeo cha tatu, basi. Haigonganishi, maana kila namba halisi ina kipeuo cha tatu kimoja tu.

Tuweke namba 1,000,000, kila moja ikiwa 1/1,000, na zinazofuata zote sifuri. Mraba wa kila moja ni 1/1,000,000, nazo ziko milioni: jumla 1, urefu 1. Haba na haba imejaza kibaba. Tupitishe kwenye opereta: kila namba inakuwa 1/1,000,000,000, na urefu wa y, pigeni hesabu wenyewe, ni 1/1,000,000. Kibaba kimekauka! Tukiongeza idadi ya namba na kuzipunguza ukubwa ili jumla ya miraba ibaki 1, y inazidi kuikaribia sifuri, na x imekaa palepale kwenye 1. Ukirudi, unaruka.

Naona mkono pale. Ndiyo, opereta hii haifikii kila y. Mfuatano 1, 1/2, 1/3 na kuendelea umo katika nafasi yetu, lakini vipeuo vyake vya tatu havimo: miraba yao ikijumlishwa haina mwisho. Kwa hiyo msiitupie polinomia lawama zote.

Miaka ya nyuma niliandika ubaoni kwamba kinyume hiki kina mwendelezo "bila shaka". Kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akauliza, "Kwa urefu upi, mwalimu?" Nikashika chaki, nikanyamaza. Nilikuwa nimefikiria nafasi nyingine bila kusema.

Nafasi yenyewe ni hii: upande wa x, badala ya miraba, jumlisheni vipeo vya sita, kisha mchukue kipeuo cha sita. Upande wa y tusiuguse. Sasa kila y inafikiwa, na ile x yetu ya namba milioni ina urefu wa 1/100, siyo 1. Kinyume kimepata mwendelezo. Lakini kina bei: pale kwenye sifuri, kosa la 1/1,000 katika y linarudi likiwa 1/10 katika x. Anayepima vitu kwa mashine asilipuuze hilo.

Swali la mwisho, dada. Ukijumlisha x yenyewe na kipeo chake cha tatu, ukabaki na ile nafasi ya kwanza ya miraba? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Tofauti kati ya y mbili hapo haiwi ndogo kuliko tofauti kati ya x zake, namba kwa namba. Kila y inafikiwa, na kosa halikui hata kidogo wakati wa kurudi. Kipeo cha tatu bado kimo, ila ile x pekee, ya mstari, imekishika mkono.