Namna ya Kuthibitisha Rekodi ya Mwanasoka Aliyefariki

Karibuni, ndugu watazamaji. Video hii inarekodiwa Kigoma mjini, si mbali na Uwanja wa Lake Tanganyika, na kazi yetu ni kuchukua wasifu wa mchezaji wa soka aliyekwishafariki, kama ule unaosomwa msibani na baadaye kusambazwa kwenye simu, kisha kuupima dai kwa dai hadi tujue lipi lina ushahidi na lipi bado ni simulizi. Mkoa huu umetoa wachezaji wengi, na karibu kila mtaa wa Ujiji na Mwanga una marehemu wake anayesemekana kuwa aliwahi kuzinyanyasa Simba na Yanga. Baadhi yao walizinyanyasa kweli.

Ili tusimvunjie heshima marehemu yeyote wala familia yake, tutatumia wasifu wa mfano ambao nimeutunga mwenyewe kwa madai ya aina inayosikika mara kwa mara. Unaonekana hapo kwenye skrini: "Marehemu alizaliwa Ujiji. Alitwaa ubingwa wa ligi akiwa na Simba mwaka 1970, akahamia Pan African mwaka 1974, akaichezea Taifa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Nigeria, kisha akaenda kucheza soka la kulipwa Uholanzi."

Hatua ya kwanza ni kuuvunja wasifu huo vipande vipande. Chukueni daftari la kawaida, mpige mistari ya safu nne, na kila dai mliandikie timu, mwaka, shindano na jina la aliyelitoa. Sentensi kama "alikuwa hodari asiye na mfano" haiingii kwenye daftari, kwa kuwa hakuna gazeti wala rejesta itakayoithibitisha au kuikanusha.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kwenda kuhoji watu, ni kuyalinganisha madai hayo na kalenda ya soka yetu kabla hamjatoka nyumbani. Tuanze na ubingwa wa 1970. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu iliyobadili jina na kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa hiyo mwaka 1970 hapakuwa na timu iliyosajiliwa kwa jina la Simba, na hata tukikubali kwamba watu huisema Sunderland kwa jina lake la sasa, ubingwa wa 1968 hadi 1972 ulikuwa wa Yanga mfululizo. Dai limeanguka kama lilivyoandikwa, lakini msilifute. Huenda marehemu alikuwa Sunderland iliyotwaa taji mwaka 1965 na 1966, huenda alikuwa Simba iliyolirudisha mwaka 1973, na huenda alikuwa Yanga kwanza, jambo ambalo ndugu zake wenye mapenzi na Simba hawalipendi kulitaja. Mwaka wa kuzaliwa utasaidia kuamua: aliyezaliwa 1952 hawezi kuwa bingwa wa 1965.

Pan African mwaka 1974 nayo haisimami. Klabu hiyo ilizaliwa kutokana na mgogoro uliowagawa Yanga, na mgogoro huo ulikuja baada ya Yanga kuifunga Simba 2-0 kule Zanzibar mwaka 1975, katika fainali ya Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati. Andikeni pembeni "baada ya 1975" na msonge mbele.

Dai la Nigeria ndilo zuri kuliko yote kwa mchunguzi, kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, na haikurudi tena hadi 2019. Mchezaji wa kizazi hicho hana fainali nyingine za kudai. Tulifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mechi ni tatu, mabao yetu ni matatu, na majina ya kikosi yalichapishwa. Kama jina la marehemu halimo, ulizeni kwa upole iwapo safari anayoisimulia mjukuu ilikuwa ya mwaka 1973, maana Michezo ya Afrika ya mwaka huo ilifanyika Lagos vilevile, ile ambayo Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500, na mtu aliyesema "nilikwenda Lagos na Taifa" hakueleza alikwenda kwa shindano gani. Na kama jina limo, tenganisheni mambo mawili: kuwa kikosini na kuingia uwanjani. Kuna wachezaji waliosafiri na kukaa benchi mashindano mazima, na hilo halipunguzi heshima yao, ila rekodi lazima iseme hivyo.

Kwa miaka ya 1980 na 1990 ongezeni tahadhari moja. Kulikuwa na ligi ya Bara na, juu yake, Ligi ya Muungano iliyozikutanisha timu za Bara na Zanzibar, hivyo mwaka mmoja unaweza kuwa na mabingwa wawili halali. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa Bara, na Majimaji ya Songea wakawa mabingwa wa Muungano. Msimwite mtu mwongo kabla hamjauliza ni ubingwa upi.

Hatua ya tatu ni familia na wachezaji wenzake. Ikiwa marehemu ameacha mjane aliye katika eda, subirini miezi 4 na siku 10 ipite, na ujumbe wenu upelekwe na shemeji yake au kaka yake, si kugonga mlango na kamera. Mkikaa na mzee aliyecheza naye, baada ya shikamoo msimwulize "ni kweli alicheza Simba?", kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu tu. Mwulizeni nani alikuwa kipa siku hiyo, nani alicheza upande wa pili wa winga, na walilala wapi. Majibu ya namna hiyo yanaweza kukaguliwa.

Ombeni albamu. Picha hii ya mfano tuisogeze karibu. Msianze na nyuso, anzeni na vitu: jezi ina nembo ipi, jukwaa la nyuma ni la uwanja gani, mpira umeandikwa nini kwa chokaa, maana wapiga picha wa zamani walipenda kuandika jina la timu na mwaka juu ya mpira uliowekwa mbele ya waliochuchumaa. Kisha geuzeni picha. Mara nyingi nyuma yake kuna mhuri wa studio na maandishi ya kalamu, na ni vema kutazama kama wino huo ni wa zamani au umeongezwa baada ya msiba. Pigeni picha pande zote mbili, mrudishe albamu siku hiyohiyo, na namba za vitambulisho mtakazoziona msizirekodi.

Hatua ya nne ni magazeti, na hapa ndipo subira inapohitajika. Maktaba ya mkoa ni mahali pazuri pa kuuliza kwanza, lakini mafungu makubwa ya magazeti ya zamani yako Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo kabla ya kupanda treni pateni barua ya utambulisho na orodha ya tarehe. Daily News lilianza mwaka 1972 baada ya The Standard na The Nationalist kuunganishwa. Mechi ya kabla ya hapo itafuteni katika hayo mawili, au katika Uhuru na Ngurumo. Mechi ya Jumamosi itazameni katika Mzalendo au Sunday News ya kesho yake, na ya Jumapili katika magazeti ya Jumatatu. Shukeni hadi mwisho wa habari, kwenye orodha ya vikosi, kwa maana kichwa cha habari huwataja wafungaji tu. Athumani wa Uhuru anaweza kuwa Athuman au Othman katika gazeti la Kiingereza, na Juma Saidi wawili wanaweza kuwa ligi moja msimu mmoja, kwa hiyo jina peke yake halitoshi bila timu na nafasi aliyocheza.

Uholanzi tutaipitia kwa ufupi. Sunday Manara wa Yanga alicheza kweli Heracles Almelo katika miaka ya 1970, na tangu hapo kila aliyevuka bahari amesemekana kwenda huko. Magazeti ya Uholanzi yanasomeka bure kwenye tovuti ya Delpher. Andikeni jina la klabu pamoja na neno Tanzania, mbane miaka, kisha mtafute kama alikwenda kwa majaribio, alikuwa timu ya akiba, au alisaini mkataba. Mfumo wa FIFA wa uhamisho wa kielektroniki ulianza kuwa wa lazima mwaka 2010 tu, hivyo kwa wa zamani tegemeeni karatasi: barua ya klabu, pasipoti yenye viza, hati ya uhamisho wa kimataifa.

Hatua ya mwisho ni kuandika. Kila dai lipeni alama moja kati ya tatu: limethibitika, lina mwelekeo, au ni simulizi. Tanzia tano za mtandaoni zilizonakili wasifu uleule wa msibani zihesabuni kuwa chanzo kimoja. Idadi ya mabao ambayo haina mechi nyuma yake iacheni wazi, hata kama familia inasisitiza ni 100. Chini ya ukurasa wekeni tarehe ya ukaguzi, kisha nakala moja mpeni mtoto mkubwa wa marehemu aisome kabla hamjaipakia popote.