Nawa, Viazi na Jina la Siku: Maisha ya Washerpa wa Khumbu

Mabibi na mabwana, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni, na asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Naanza na jina. Hapa Moshi ukitaja Sherpa, mtu anamwona mbeba mizigo wa Everest, kama tunavyosema mgumu wa Kilimanjaro. Lakini mgumu ni jina la kazi. Anaweza kuwa Mchaga, Mpare au Msambaa. Sherpa ni jina la kabila. Shar ni mashariki, pa ni watu, kwa sababu wazee wao walitoka Kham, mashariki mwa Tibet, wakavuka milima na kuingia Khumbu, eneo la Nepal lililo chini ya Everest, yapata miaka 500 iliyopita. Kazi ya milima imewajia juzi tu: mwanzoni mwa karne ya 20 vijana walikwenda Darjeeling, mji wa milimani nchini India, kutafuta vibarua, wakawakuta Waingereza wanaotaka wabeba mizigo. Kabla ya hapo walilima, walifuga, na walivusha chumvi ya Tibet kwenye njia ya Nangpa La, juu ya mita 5,700. Inaniuma kuona watu wenye sheria nzuri za ardhi kama zao wanajulikana kwa migongo tu.

Majina yao mtayapenda. Mtoto hupewa siku aliyozaliwa: Nima ni Jumapili, Dawa Jumatatu, Mingma Jumanne, Lhakpa Jumatano, Phurba Alhamisi, Pasang Ijumaa, Pemba Jumamosi. Wa kiume na wa kike ni sawasawa. Naona akina Hamisi na Mwajuma wanatabasamu kule nyuma.

Sasa karibuni nyumbani kwao. Nyumba ya zamani ni ya mawe, yenye ghorofa moja. Chini ni giza: mifugo, kuni, nyasi kavu. Unapanda ngazi, unatokea kwenye chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja na benchi chini yake. Nafasi ya heshima ni ile iliyo karibu na moto. Mama mwenye nyumba anachemsha majani ya chai mpaka yakolee, anayamimina kwenye mtungi mrefu mwembamba wa mti, anatia chumvi na donge la siagi. Kisha anashika mpini na kuusukuma chini, juu, chini, juu, mpaka mafuta na maji vishikane. Ukiionja kwa kutegemea sukari utashtuka. Ifikirie kuwa supu. Ukipiga funda moja tu, kikombe kinajazwa tena: "Shey, shey!" Kunywa, kunywa! Adabu ni kukataa kidogo kwanza. Na msiombe maziwa ya yaki, ng'ombe wao wa manyoya marefu, watawacheka: yaki ni dume. Jike huitwa nak.

Chakula ni viazi mviringo, vilivyofika huko katikati ya karne ya 19. Vibichi husagwa, vikakaangwa kama chapati nene, vikaliwa na siagi na pilipili. Hiyo ndiyo riki kur. Vya akiba hufukiwa mashimoni visigandishwe na baridi.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Namche, mji mkuu wa Khumbu, iko mita 3,440, na vijiji vingine viko juu zaidi. Mavuno ni mara moja kwa mwaka. Yaki wa jirani akiingia shambani mwako Julai, watoto wako hawana chakula hadi mwaka ujao. Kwa hiyo kijiji huchagua nawa, walinzi wa mashamba, na kazi hiyo huzunguka. Baada ya sikukuu ya Dumje, ambapo kaya kadhaa hulisha kijiji kizima kwa zamu, nawa hutangaza siku: mifugo yote itoke. Familia hupanda nayo kwenye yersa, vibanda vya malisho ya juu. Hakuna kurudi mpaka mazao yavunwe na nyasi zikatwe. Nyasi nazo zina tarehe yake; hakuna wa kuwahi kufyeka peke yake. Ukikiuka, unatozwa faini, uwe na nak mmoja au thelathini. Mwenye kundi kubwa ndiye angeweza kumaliza malisho mapema, na ndiye sheria hii inayembana kwanza. Polisi hahitajiki.

Kwa desturi kitindamimba wa kiume hurithi nyumba na kuwatunza wazazi. Leo wengi wako Kathmandu, au New York, na viazi huchimbwa na vibarua kutoka mabonde ya chini. Namche, penye hoteli nyingi, utaratibu wa nawa umelegea. Lakini kuna Phortse, kijiji kinachosifika kwa wingi wa watu waliofika kilele cha Everest. Hapo nawa bado wanasikilizwa. Tangazo likishatoka, hata huyo aliyesimama kileleni Mei anafungua zizi na kupandisha yaki wake.